Atropini, sumu ya shambani na mnanaha wa nyuma ya nyumba

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Niko Malindi. Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, alikuwa akipiga dawa nyanya kwenye shamba la kando ya Mto Sabaki. Pampu ilikuwa ikivuja mgongoni lakini akaendelea mpaka akamaliza. Kabla ya adhuhuri mate yalikuwa yakimchuruzika kama mtoto anayeota meno, jasho limemlowesha, anatapika, kifua kinakoroma, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Hospitalini walimdunga atropini, baada ya dakika chache wakamdunga tena, na tena. Nilihesabu vichupa 14 kabla hajatundikiwa dripu. Usiku akaanza kuweweseka na kuchuma hewani vitu ambavyo sisi hatukuviona. Ametoka jana na anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Nesi alituambia atropini hupatikana katika mimea ya jamii ya mnanaha (Datura). Marehemu bibi yetu alikuwa akiwavutisha wenye pumu majani makavu ya mnanaha, na nyuma ya nyumba umejaa tele. Je, ni dawa ile ile? Kwa nini zilihitajika sindano nyingi hivyo? Na tukiweka majani shambani, yanaweza kumsaidia mtu kabla hajafikishwa hospitali?

JIBU: Wa alaykum salaam dada, na poleni kwa yaliyowafika. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake likikosewa mtu anakufa. Msiweke majani ya mnanaha shambani, wala msimpe aliyeingiwa na sumu chai yake, moshi wake au mbegu zake. Nesi amesema kweli: kemikali iliyomwokoa mdogo wako ni ya ukoo wa mnanaha. Lakini alichofanyiwa mdogo wako siku ile ni kupimiwa, dozi kwa dozi, huku kifua chake kikisikilizwa, na jani halipimiki. Ili uone kwa nini, inabidi tuingie ndani ya seli.

Neva haigusani na msuli wala tezi inayoiamrisha. Kati yao pana mwanya mwembamba mno. Amri ikifika mwisho wa neva, hutemwa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka mwanya na kukaa kwenye kipokezi kilichopo kwenye utando wa seli ya upande wa pili. Ikishakaa, seli inatii: tezi ya mate inatoa mate, utumbo unajikunja, mboni inabana, moyo unapunguza mwendo. Kisha asetilikolini inatakiwa iondoke. Kuna kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi ambacho kazi yake ni kuikatakata, na kina kasi ya ajabu: molekuli moja tu hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Bila yeye, amri ya sekunde moja ingeendelea kutekelezwa bila kikomo.

Dawa za wadudu za kundi la oganofosfeti, kama vile klorpirifosi, daiazinoni na daimethoeti, humuua mdudu kwa kukiziba kimeng'enya hicho. Kimeng'enya cha mdudu na cha binadamu vinafanana mno, ndiyo maana kinachomwangusha kiwavi kwenye nyanya kinaweza kumwangusha mpigaji dawa. Kikizibwa, asetilikolini inarundikana kila mahali kwa wakati mmoja. Yale yote uliyoyaona, mate, jasho, kutapika, mboni za pini, ni viungo vyenye afya vikitii amri isiyokoma. Kinachoua mapema ni kifua. Tezi za ndani ya mapafu hujaza njia za hewa maji, misuli inayozizunguka inazibana, na moyo unapungua mwendo wakati mwili ndipo unapouhitaji zaidi. Mtu anazama hali yuko nchi kavu.

Sasa fikiria kipokezi kama baraza la nyumba za mji wa kale, lenye nafasi ya kukaa mtu mmoja. Asetilikolini ni mgeni mwenye maneno: akikaa tu, nyumba nzima inasikia. Atropini ni mgeni anayelingana naye kwa umbo, anayekaa pale pale, ila hasemi neno. Akiwa amekaa, mwenye maneno hana pa kukaa, na ndani hakuna kinachosikika. Atropini haiharibu sumu, haimfukuzi mwenye maneno kutoka mtaani, na haikizibui kile kimeng'enya. Inashika nafasi tu.

Kinachonyamazishwa ndani ya seli kinafaa kuangaliwa kwa karibu. Kwenye tezi za mate na za kifua, misuli ya njia za hewa, utumbo, kibofu na ule msuli wa duara unaobana mboni, kipokezi chenye kazi kubwa kinaitwa M3. Ni uzi wa protini uliopita na kurudi kwenye utando wa seli mara 7. Asetilikolini ikikaa upande wa nje, uzi unajipinda, na mpindo huo unaiamsha protini iliyo upande wa ndani iitwayo Gq. Gq inaamsha kimeng'enya fosfolipesi C, nacho hukata mafuta fulani ya utando na kutoa vipande viwili. Kimoja, IP3, husafiri hadi kwenye ghala la kalsiamu la seli na kulifungua. Kalsiamu inamwagika ndani. Katika msuli wa njia ya hewa kalsiamu hiyo ndiyo inayowasha mashine ya kujikunja, na kifua kinabana. Katika tezi, kalsiamu inafungua milango ya kloridi, chumvi inatoka nje ya seli na maji yanaifuata. Mate uliyomfuta mdogo wako kwa kitambaa ni maji yaliyofuata chumvi kwa amri ya kalsiamu. Atropini ikikaa kwenye M3, mnyororo wote huo hauanzi: Gq haiamshi chochote, ghala la kalsiamu linabaki limefungwa, tezi inakauka na msuli unalegea.

Moyoni kipokezi ni M2, na njia yake ni nyingine. Chenyewe huamsha protini ya kundi la Gi, ambayo hufungua milango ya potasiamu. Potasiamu ikitoka, seli inayopanga mapigo inachelewa kufikia kiwango cha kupiga, na moyo unakwenda polepole. Atropini inakalia M2 vilevile, ndiyo maana mapigo hupanda mara baada ya sindano. Jambo hili ni la zamani katika sayansi. Mwaka 1921 Otto Loewi alichukua mioyo ya vyura, akaichochea neva ya moyo mmoja ukapunguza mwendo, kisha akachukua majimaji yaliyokuwa ndani yake akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyeigusa neva yake. Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwamba neva husema kwa kemikali. Na atropini ikitangulia kuwekwa, ule moyo wa pili hausikii. Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Kwa nini vichupa 14, basi? Kwa sababu baraza linagombewa. Mtu aliyelazwa kwa moyo kwenda polepole, asiyekuwa na sumu, anaweza kutosheka na mg 0.5 au 1, kwani wageni wenye maneno ni wachache. Kwa mwenye sumu wamejaa mtaa mzima na wanazidi kuja. Ili nafasi nyingi zishikwe na walionyamaza, inabidi hao walionyamaza nao waletwe kwa wingi. Kiasi gani hasa, hakuna ajuaye kabla ya kuanza. Inategemea alivuta au kulowa kiasi gani, dawa ya aina gani, na saa ngapi zimepita. Kwa hiyo hakuna dozi iliyoandikwa kitabuni ya kumaliza kazi. Kuna dozi ya kuanzia na kanuni ya kuongeza.

Mtu mzima mwenye dalili za wazi huanzishwa mg 1 hadi 3 kwenye mshipa, kulingana na hali yake. Mtoto hupimiwa kwa uzito, mg 0.02 hadi 0.05 kwa kila kilo. Baada ya dakika 5 anaangaliwa. Kama kifua hakijaanza kukauka, dozi inarudiwa mara mbili ya iliyotangulia. Kwa hiyo 2, kisha 4, kisha 8: jumla mg 14, na kichupa cha kawaida kina mg 1 katika ml 1. Hesabu yako ya vichupa 14 inaangukia hapo hapo, na kwa muda wa chini ya robo saa. (Vipo pia vichupa vya mg 0.6, anayedunga lazima asome maandishi ya kichupa kila anapovunja kimoja, maana kwa vile hesabu ni nyingine.) Kuongeza maradufu kunashinda kurudia dozi ile ile ndogo. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2012 ulilinganisha njia hizo mbili: kwa utaratibu wa zamani walifariki wagonjwa 22.5 katika kila 100, na kwa kuongeza maradufu kisha dripu walifariki 8 katika kila 100.

Wanaoangalia wanatafuta mambo matano: kifua kisikike safi kwa stethoskopu pande zote, mapigo yapite 80 kwa dakika, presha ya juu ipite 80, kwapa ziwe kavu, na mboni zisiwe za pini tena. Kifua, mapigo na presha ndivyo vinavyoamua. Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni kufuata mboni, kwa sababu mboni huchelewa. Anayesubiri zifunguke ataendelea kudunga mgonjwa ambaye kifua chake kilikauka zamani. Kosa la upande wa pili ni kuogopa kuanza kwa sababu moyo unakwenda mbio. Moyo unaweza kwenda mbio kwa kukosa hewa, au kwa sababu sumu imechochea neva za upande mwingine, na bado mapafu yamejaa maji. Mapigo 120 na kifua kinachochemka si sababu ya kuiacha atropini. Kuna pia mikwaruzo ya kifua ambayo haitokani na tezi. Mgonjwa akiwa amevuta matapishi mapafuni, sehemu moja, mara nyingi chini upande wa kulia, itaendelea kukwaruza hata ukimaliza atropini yote ya famasia. Filimbi na maji kifua kizima ni sumu. Sehemu moja tu ni jambo jingine.

Kifua kikikauka ndipo dripu inapotundikwa, asilimia 10 hadi 20 ya jumla ya mwanzo kwa kila saa. Kwa mg 14 ni kati ya mg 1.4 na 2.8 kwa saa. Ukitoa ml 20 kwenye mfuko wa maji ya chumvi wa ml 500 na kuweka vichupa 20 vya mg 1, kila ml inabeba mg 0.04, mg 2 kwa saa ni ml 50, na kwa mpira wa matone 20 kwa ml ni matone 17 kwa dakika. Zahanati ndogo yenye vichupa 5 kabatini inamaliza akiba yake kabla dozi ya pili haijakamilika. Ndiyo sababu ya kumkimbiza mgonjwa hospitali kubwa mapema: zahanati imwanzishie kwa kilichopo, imweke gari liondoke, na ipige simu mbele atropini iandaliwe. Anayetoka visiwa vya Lamu ana safari ya boti kabla ya hayo yote, kwa hiyo kwake simu ya mapema ina uzito zaidi.

Ule usiku wa kuweweseka: mgonjwa aliyezidishiwa atropini anakuwa mkavu mdomoni na mwekundu au wa moto ngozini, utumbo unanyamaza kabisa, mkojo unagoma, na anavuta nyuzi za shuka au kuchuma hewani. Atropini imevuka ikaingia ubongoni na kukalia vipokezi vya huko. Haimaanishi kwamba kuna aliyekosea. Anayeongeza dozi kwa kasi inayookoa maisha atavuka mpaka mara kwa mara. Dawa ni kusimamisha dripu dakika 30 hadi 60 mpaka atulie, kisha kuirudisha kwa asilimia 70 hadi 80 ya mwendo wa awali. Kuifunga moja kwa moja na kwenda kulala ni hatari, kwani baadhi ya sumu hizi hujificha kwenye mafuta ya mwili na kurudi kwenye damu, na asubuhi kifua kimejaa tena.

Kuna mahali atropini haifiki. Misuli ya mikono, shingo na ya kupumulia ina vipokezi vya ukoo mwingine, ambavyo havitumii protini kama Gq na Gi. Kipokezi chenyewe ndicho mlango, kinafunguka na chumvi inapita. Atropini haiwezi kukaa pale. Kwa hiyo misuli inayotetemeka chini ya ngozi itaendelea kutetemeka, kisha inachoka na kulegea. Kati ya saa 24 na 96 tangu sumu iingie, mgonjwa aliyekuwa akizungumza vizuri anaweza kuanza kushindwa kupumua. Ishara ya mapema ni rahisi kuliko kipimo chochote: mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, apelekwe penye mashine ya kupumulia, na asiongezewe atropini kwa ajili hiyo, haitamsaidia.

Dawa inayokusudiwa kukizibua kimeng'enya ni nyingine, pralidoksimu. Shirika la Afya Duniani limependekeza angalau mg 30 kwa kilo kwa kuanzia, kisha mg 8 kwa kilo kwa saa, ingawa tafiti hazikubaliani ni kwa kiasi gani inaokoa. Nayo ina saa yake. Sumu iliyoshika kimeng'enya hupoteza kipande na kujifunga moja kwa moja; madaktari husema kimeng'enya kimezeeka. Kwa sumu za aina ya daimethoeti nusu ya vimeng'enya huzeeka katika takriban saa 3.7, kwa klorpirifosi na daiazinoni takriban saa 33. Ndiyo maana daktari anaitaka chupa yenye lebo. Na si kila dawa ya shamba ni oganofosfeti. Amitrazi ya kupe, kwa mfano, huleta mboni ndogo, moyo wa polepole na usingizi, ukadhani ni ile ile. Lakini kifua na ngozi ni kavu na sukari ya damu hupanda. Dawa iliyohamishiwa chupa ya soda inamnyima daktari habari zote hizo.

Sasa mnanaha. Ukisimama pale nyuma ya nyumba utauona: ua refu jeupe au la zambarau mfano wa tarumbeta, tunda la duara lenye miba, majani yenye harufu nzito yakifikichwa. Ndani yake mna hiosiamini na hiosini. Hiosiamini ikitolewa kiwandani, nusu yake hugeuka kuwa umbo lake la kinyume, kama mkono wa kulia unavyogeuka wa kushoto kwenye kioo, na mchanganyiko huo ndio uitwao atropini. Kwa hiyo ndiyo, asili ni moja. Lakini mnanaha wa pwani aghalabu una hiosini nyingi kuliko hiosiamini, na hiosini huingia ubongoni upesi zaidi: wazimu unatangulia kabla kifua hakijakauka. Kiasi hubadilika kati ya mti na mti, jani na mbegu, changa na kongwe. Tena kemikali zenyewe hupunguza mwendo wa tumbo, kwa hiyo mbegu zilizomezwa zinaendelea kuachia sumu siku nzima au mbili. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochanganyika na mmea wa jamii hii uliwaugulisha watu karibu 300, na 5 wakafariki. Hao walikula chakula tu.

Kwa aliyeingiwa na oganofosfeti ubaya unazidi. Anatapika, amelegea, na chochote utakachomnywesha kinaweza kuishia mapafuni. Na akifika hospitali na mboni zilizopanuliwa na mnanaha, mdomo umekauka na akili imeruka, daktari amepotezewa alama zote anazozitegemea, wakati misuli ya kupumua inaendelea kuzimika kimyakimya. Wapo pia wanaofikiri kuutumia kabla ya kupiga dawa, kama kinga. Utawazuia kutoka jasho kwenye jua la Malindi, mwili upande joto mpaka waanguke, na utawaficha dalili za kwanza ambazo zingewaambia watupe pampu.

Historia ina upande wa pili wa mizani hii, na ni wa Afrika. Maharagwe ya Calabar, Nigeria, yana alkaloidi iitwayo fizostigmini, inayokiziba kimeng'enya kile kile cha asetilikolini lakini kwa muda tu. Mwaka 1864 huko Prague dondoo lake lilitumika kumtibu aliyekunywa atropini: wageni wenye maneno wakaachwa waongezeke mpaka wakawasukuma walionyamaza. Mmea mmoja unaziba barazani, mwingine unajaza mtaa.

Bibi yenu hakuwa akibahatisha. Moshi wa mnanaha unalegeza kweli misuli ya njia ya hewa, kwa njia ile ile ya M3, na Ulaya ya karne ya 19 iliuza sigara zake kwa wenye pumu. Ila moshi wenyewe unachoma njia za hewa, makohozi yanakauka na kugandamana, na dozi inategemea mvutaji anavuta kwa nguvu gani. Kilichorithi kazi yake ni ipratropiamu, iliyotengenezwa kutokana na atropini kwa kuiongezea chaji ya umeme ya kudumu. Kitu chenye chaji hakivuki kirahisi utando wa seli, kwa hiyo kinabaki kifuani na ubongo hauguswi. Katika shambulio kali la pumu hospitali huivukiza mikrogramu 500 pamoja na salbutamoli, dawa nyingine ya kulegeza njia za hewa. Salbutamoli huanza kufanya kazi ndani ya dakika 5, ipratropiamu huchukua robo hadi nusu saa, kwa hiyo haitumiki peke yake kumwokoa anayebanwa. Mwenye pumu nyumbani kwenu aende kliniki apate ya kuvuta ya kinga, na ule mnanaha ung'olewe kwa glavu, usichomwe karibu na watu. Ukiugusa kisha ukafikicha jicho, mboni ya jicho hilo itabaki wazi hata siku kadhaa, na mwenye presha ya macho anaweza kuharibikiwa.

Shambani weka vitu hivi badala ya majani: ndoo mbili za maji safi, kipande cha sabuni, glavu, nguo za kubadili, na namba ya simu ya mwenye gari. Mtu akianza kutokwa mate au kuona ukungu machoni, msaidizi avae glavu, amtoe kwenye dawa, amvue kila kitu hata mkanda, amwoshe kwa sabuni na maji mengi: nywele, nyuma ya masikio, kwapa, kucha. Alazwe ubavu wa kushoto, mdomo ukielekea chini. Asitapishwe, asipewe maziwa, asipewe chochote. Nguo zifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Chupa ya dawa iende naye.

Kwa mdogo wako kilichomtia sumu ni shati. Watu huogopa harufu, lakini oganofosfeti hupenya ngozi kimya, na shati lililolowa mgongoni saa mbili ni plasta ya sumu. Raba ya kifuniko cha pampu ikichakaa ni ya bei ndogo. Ibadilishwe, na pampu ijazwe maji matupu itingishwe kabla ya kuwekwa dawa. Pua ya pampu ikiziba isipulizwe kwa mdomo. Dawa isiyochanganywa bado na maji ndiyo kali kupita zote, kwa hiyo glavu huvaliwa kuanzia kufungua kizibo. Na dawa ipigwe alfajiri, kabla kusi haijaamka, mpigaji akiupa upepo mgongo.

Asiguse dawa za kundi hilo kwa miezi mitatu hivi. Chembe nyekundu za damu haziwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Kinarudi kadiri chembe mpya zinavyozaliwa, karibu asilimia 1 kwa siku. Anaweza kujiona mzima akiwa na nusu ya akiba, na mguso mdogo wa pili ukamwangusha kuliko wa kwanza. Wiki hizi tatu muulize kila siku kuhusu miguu yake. Maumivu ya misuli ya mashavu ya miguu, ganzi ya vidole au kandambili kumvuka mguuni bila yeye kuhisi ni dalili za neva zilizodhurika kwa kuchelewa. Akiziona arudi hospitali siku hiyo hiyo, na barua ya kutolewa wodini iende naye.